Tunapongeza Kuliko Tunavyosoma

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo? Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimetoka Dar es Salaam na basi la alfajiri. Niliposhuka, dada aliyekuja kunipokea aliniuliza nitakaa siku ngapi, nikamjibu kama tunavyojibu wote: Tanga, waja leo, waondoka leo. Akacheka, akasema wengi waliosema hivyo wamezikwa hapa. Basi niwahi kusema niliyoitiwa.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vipya, waandishi, na mambo yanayojadiliwa sasa katika fasihi yetu. Kazi yangu ni uhariri. Ninakaa na miswada ya watu, kalamu nyekundu mkononi, na kazi hiyo inamfundisha mtu unyenyekevu. Niwape kisa kimoja.

Kitabu cha kwanza nilichokihariri nilikisoma chote mara nne. Kila koma naijua. Kikaenda kiwandani, kikarudi kimefungwa katika maboksi, tukamwita mwandishi, mtu mzima wa umri wa baba yangu. Akachukua nakala moja, akainusa, akaigeuza ubavu, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu ni nani?" Jina lake kwenye mgongo wa kitabu lilikuwa limepungua herufi moja. Mgongo hakuna aliyeusoma, mimi nikiwa wa kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akasema tuviache, tuone nani atagundua.

Tukafanya uzinduzi. Keki ikakatwa, picha zikapigwa watu wakiwa wamekishika kitabu kifuani. Mwaka mzima mzee yule alipokea hongera, na katika mwaka huo hakuna hata mmoja aliyemwambia kuwa jina lake limekosewa. Aliponipigia simu siku ya kutimiza mwaka hakuwa na hasira. Alisema tu, "Sasa najua nina wasomaji wangapi."

Ninalotaka kusema leo ni hilo. Tunapongeza kuliko tunavyosoma.

Mnakumbuka Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021. Stockholm wametangaza, Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Tangu Wole Soyinka wa Nigeria mwaka 1986 hakuwa amepita mwandishi mweusi mwingine kutoka bara hili, na wa Afrika Mashariki hakuwahi kupita kabisa. Simu yangu iliwaka moto. Hongera huku, hongera kule, bendera, makofi. Saa mbili baadaye ukaanza ugomvi: huyu ni wetu au si wetu? Aliondoka Unguja akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akaandika kwa Kiingereza; je, ni Mtanzania, ni Mzanzibari, ni Mwingereza? Uraia pacha ukaingia, Muungano ukaingia, watu wakatukanana mpaka usiku. Mimi nilikuwa nafuatilia nikisubiri mtu mmoja tu aseme, "Lakini kwenye riwaya yake ile..." Nilisubiri sana. Alikuwa na riwaya kumi wakati ule. Siwalaumu, kwa sababu kesho yake nilizunguka maduka ya vitabu mjini nikitafuta hata moja na sikuipata. Muuzaji mmoja alidhani namtafuta mwanafunzi wa shule.

Mwaka uliofuata, 2022, ikatoka Peponi. Hiyo ni riwaya ya Gurnah ya 1994, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, sasa imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota. Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana kwangu hiki ndicho kitabu kilichonifundisha zaidi katika miaka hii, na nitawaeleza kwa nini.

Kisa chake kwa ufupi: mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusuf, anachukuliwa na tajiri aitwaye Aziz kwenda naye pwani. Mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye amewekwa rehani. Nyumbani kwao Yusuf alikuwa akimwita tajiri huyo kwa neno lile la Kiingereza, uncle, la ndugu wa baba, au wa mama, au mtu mzima yeyote wa heshima. Neno moja, wao limewatosha. Sasa wewe mfasiri wa Kiswahili unafanyaje? Ami? Mjomba? Baba mdogo? Bamkubwa? Kila mmoja wa hao kwetu ana nyumba yake, ana haki zake, ana namna anavyosalimiwa. Ukisema mjomba umeshamtia upande wa mama. Ukisema ami umemtia katika damu ya baba, yule yule baba anayemtoa mtoto. Na dukani, kijana mwenzake aitwaye Khalil anamwambia waziwazi kuwa yule si ndugu yako, usimwite hivyo, mwite seyyid, yaani bwana. Yaani biashara nzima ya kumuuza mtoto imejificha ndani ya neno la ujamaa. Mfasiri alichagua lipi sitawaambia. Kifungueni.

Halafu huyo Khalil. Kiswahili chake kibovu, cha Mwarabu, na wateja wanamcheka. Kwa Kiingereza mwandishi anatwambia tu kwamba anakosea, nasi tunamwamini. Kwa Kiswahili hatwambiwi, tunasikia. Kosa lenyewe lazima liwepo ulimini, na liwe kosa la Mwarabu wa dukani hasa, siyo la Mzungu wala la mtu wa bara. Wangapi hapa wamenunua sukari robo kwa mtu anayesema namna ile? Mnaisikia, sivyo?

Na Khalil anamwita Yusuf kifa urongo. Msomaji wa London akikutana na neno hilo anakutana na kitu kigeni kinachohitaji maelezo. Sisi tuliokulia huku tumelichezea. Lile jani linaloota kando ya njia, ukiligusa linajikunja kama limekufa, ukiondoka linafunguka. Tulikuwa tukiligusa tukienda shule, tukaligusa tena tukirudi. Hilo ndilo jina la mtoto aliyewekwa rehani: anayejifanya amekufa apate kuishi. Nimeisoma riwaya hii kwa Kiingereza zamani, nikaipenda. Nilipofika kwenye neno hilo kwa Kiswahili nilikiweka kitabu chini nikatoka nje.

Kwa hiyo wale waliokuwa wakigombana usiku wa Oktoba kuhusu ni wa nani, jibu lilikuwa ndani ya kitabu. Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo, kimelala chini ya Kiingereza. Machi 2025 ametoa nyingine, Theft, ya kwanza tangu ile Nobel, yenye vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, Unguja na Dar es Salaam za miaka ya karibu. Badar ni mtumishi wa nyumbani anayesingiziwa wizi. Tena mtoto katika nyumba ya watu. Nayo ninasubiri kuisikia itakavyosema kwetu.

Sasa nije kwenye mazungumzo yaliyotawala tangu tarehe 28 Mei 2025, siku Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alipotutoka huko Marekani akiwa na miaka 87. Kila mtu aliandika rambirambi. Kila mtu alikumbuka kuwa aliandika riwaya nzima gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni, kwa Kigikuyu, na wengi hawakukumbuka kuwa riwaya hiyo tunayo kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, tangu 1982. Mimi nataka kukumbuka jambo jingine, kwa sababu niko Tanga.

Juni 1962, Makerere, Kampala, ulifanyika mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Mkutano wenyewe ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi pale, ana hadithi fupi chache zilizochapwa, na akaalikwa. Baadaye alilisema mwenyewe kwa kujishangaa: yeye kijana alipata sifa ya kuingia ukumbini kwa hadithi hizo, na Shaaban Robert, ambaye alikuwa mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai Afrika Mashariki, hakuwa na sifa. Kitabu chake Kusadikika kilikuwa na miaka kumi na moja tangu kitoke. Adili na Nduguze, kumi. Mashairi ndiyo usiseme. Hakuwa na sifa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili.

Na mwezi huo huo wa Juni 1962, Shaaban Robert akafariki. Mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa kwenu. Sijui kama habari za mkutano ule zilimfikia. Ninajua kwamba karani huyu wa forodha, aliyekuwa hana haja ya kualikwa na mtu, miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutoa ushairi wa Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, kwa Kiswahili. Yeye alikuwa ameshausoma ulimwengu.

Lakini niseme na jambo ambalo baadhi yenu mtanichukia. Hoja ya lugha tumeigeuza kichaka. Tunasema "tuandike kwa lugha zetu", tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani. Ngũgĩ hakuishia kusema. Aliandika, akafungwa, akatafsiri, akaandika tena. Shaaban Robert barabara zina jina lake, shule zina jina lake. Mikono juu, nani amesoma Utubora Mkulima bila kulazimishwa na mtihani?

Haya, nimeiona. Mama yangu mmoja pale, na mzee huyu, na kijana wa kofia. Watatu. Ukumbini tuko zaidi ya mia.

Nako nje wanatusoma. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi yanayowapata wasichana wa shule, na waliokuwa wakiilaani wakaificha chini ya godoro. Mwaka 2025 imetoka kwa Kiingereza Marekani, tafsiri ya Jay Boss Rubin, Yale University Press. Miaka hamsini na minne. Mwandishi mwenyewe, mtu wa Ukerewe, alifariki Januari 2020, hakuiona. Mwaka 2023 kulitoka huko huko mkusanyo wa hadithi za Kiswahili kwa Kiingereza, No Edges, wakiwemo waandishi wa Tanzania na Kenya. Ninafurahi. Ila napata wasiwasi wa mpishi anayesikia pilau lake linasifiwa mtaa wa pili na nyumbani kwake watoto wamekula mkate.

Kuhusu tuzo nitapita haraka, maana mnazijua. Ile ya uandishi wa Kiswahili iliyoanza kama Mabati-Cornell mwaka 2014, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imetupa majina ambayo yasingesikika: Anna Samwel Manyanza na Mohammed Khelef Ghassani mwanzoni kabisa, mwaka 2015; Ali Hilal Ali na kitabu chake Mmeza Fupa, na Dotto Rangimoto na diwani yake Mwanangu Rudi Nyumbani, wote 2017; Zainab Alwi Baharoon na kitabu chake Mungu Hakopeshwi, 2018. Na sasa tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kila Aprili. Ni mambo mema. Nina dogo tu la kusema: siku ya kutoa tuzo tunajua mshindi kapata shilingi ngapi. Kitabu chenyewe kinasema nini, mwezi mmoja baadaye, muulize mtu.

Na si uvivu peke yake. Mtoto wetu amefundishwa kitabu ni kitu cha kupasuliwa. Kidato cha tatu anapewa orodha: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Anakariri. Nimekutana na kijana hodari aliyenitajia dhamira sita za riwaya, kwa mifano, hata kurasa. Nikamuuliza, yule mama aliyekufa ulimlilia? Akaniuliza, mama gani? Alikuwa amesoma mwongozo. Riwaya hakuwa nayo. Mwongozo unauzwa kila duka la vifaa vya shule. Riwaya ukiiulizia unaambiwa njoo Januari.

Sasa nigeuke upande wa pili, ambao wasomi wenzangu wanauepuka.

Mdogo wangu wa mwisho hanunui vitabu. Lakini kila siku saa tatu usiku hapatikani. Nilidhani ana mtu. Siku moja nikachungulia simu yake: yumo kwenye kundi la WhatsApp la simulizi. Mwandishi anatupia sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, ya kumi anakata pale pale mlango unapogongwa, "itaendelea", na namba ya kulipia. Shilingi elfu moja, mbili, unaingizwa kundi la ndani. Dada yangu huyo, ambaye Kusadikika ilimshinda ukurasa wa tatu, alikuwa kwenye sehemu ya 61.

Nikamwomba aniingize. Lugha, jamani, mimi mhariri niliumwa kichwa. Marehemu wa sehemu ya 14 nilimkuta sehemu ya 22 anakaanga maandazi. Lakini tazameni kilichotokea. Ndani ya dakika tano wasomaji walimvaa mwandishi: "We kaka, huyu si ulimzika?" Mwingine: "Na ile pete ya mama mkwe imeishia wapi, usituyeyushe." Dada mmoja, nadhani muuguzi kwa alivyoandika, akaeleza aya nzima kwa nini mtu aliyepigwa risasi pale hawezi kuzungumza vile. Mwandishi akaomba radhi, akaja na maelezo, wakamkatalia, akaandika upya sehemu nzima usiku ule ule.

Hao walimsoma. Hao wangeona jina lililokosewa kwenye mgongo.

Wazee wangu mnakumbuka kuwa si jambo jipya. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Simu ya Kifo ya Katalambulla, Willy Gamba wa Musiba, Joram Kiango wa Mtobwa: vyuoni waliviita fasihi pendwa, kwa sauti ile ya mtu anayeokota kitu kwa vidole viwili, na mitaani vilisomwa mpaka majalada yakadondoka. Nyumbani kwetu kulikuwa na kimoja kilichokuwa hakina kurasa za mwisho, sote tukajitungia mwisho wetu, na kaka yangu mpaka leo anashikilia kuwa wake ndio wa kweli.

Simulizi za simu zina maradhi yake. Hazihaririwi, na zinaibwa: mtu ananakili, anafuta jina la mwandishi, anaweka lake, anauza upya kwa shilingi mia tano. Kuna kijana alinipigia akilia kwa hilo. Lakini wana kile ambacho sisi wenye majalada magumu tumekosa, watu wa kugombana na maandishi.

Fungua ukurasa wa mwandishi yeyote wetu siku ametoa kitabu. Hongera kaka. Hongera dada. Mungu akuinue. Mia tatu. Hakuna anayesema sura ya pili imechosha. Hakuna anayesema mwanamke uliyemchora hayupo, umechora kanga tu. Tunaogopana. Mji mdogo, kesho tutakutana msibani. Na magazeti yaliyokuwa na safu za uhakiki yamezipunguza, nafasi wamepewa wachezaji mpira, ambao mashabiki wao, tazameni, wanawatukana na kuwapenda kwa pumzi moja na hakuna anayeona ajabu. Mwandishi naye anastahili hilo. Mimi ninapomkwangua mtu kwa kalamu nyekundu ninakuwa nimempa saa arobaini za maisha yangu. Hongera inachukua sekunde mbili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Pale mezani, karibu na birika la chai, nimeweka vitabu vitano, vyangu mwenyewe: Peponi nakala mbili, Mmeza Fupa moja, Rosa Mistika moja, ya Kiswahili, kuukuu, ina jina la shule lililofutwa, msiniulize. Cha tano ni kile cha mzee wangu chenye mgongo uliokosewa. Siviuzi. Anayetaka aazime, aandike jina na namba ya simu kwenye daftari la katibu. Sharti ni moja: mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza, arudi navyo hapa na walau lalamiko moja. Kurasa, mstari, na kwa nini limemuudhi. Nauli yangu ya kuja kusikiliza nitajilipia.

Kijana wa kofia, nimekuona unakinyemelea Mmeza Fupa. Andika jina kwanza.